Kijiji chenye Lango Moja: Tathmini ya Kitheolojia ya Makazi ya Wazee Wenye Ugonjwa wa Kusahau

Utangulizi

Kila panapozungumzwa habari za wazee waliopoteza kumbukumbu, jina la kijiji kimoja cha Uholanzi halikosi kutajwa. Kijiji hicho ni De Hogeweyk, kilichofunguliwa mwaka 2009 katika mji wa Weesp, karibu na Amsterdam. Wajumbe wa nchi nyingi wamekwenda kukitazama, na wengine wamerudi kwao wakajenga kwa mfano wake: Langley nchini Kanada mwaka 2019, na Dax nchini Ufaransa mwaka 2020. Wanaokisifu husema kwamba hapo ndipo mwanadamu alipoanza kumtendea mzee msahaulifu kama mtu na si kama mgonjwa wa kitandani. Wanaokilaumu husema kwamba ni jukwaa la maigizo, ambamo wazee wanachezwa bila kujua kwamba wamo mchezoni. Katika makala haya tunakusudia kupima sifa hizo na lawama hizo kwa kipimo cha Maandiko na cha ungamo letu, kisha tuulize ni nini katika kijiji hicho kinachotufaa sisi.

Huenda msomaji akauliza kwa nini jarida la chuo cha theolojia lishughulike na mambo ya milango, vyoo na majiko. Jibu letu ni kwamba kila nyumba inayojengwa kwa ajili ya mtu dhaifu ni ungamo la imani. Aliyeijenga ametamka, kwa mawe na mbao, jinsi anavyomwelewa mwanadamu. Iwapo ametamka vibaya, mahubiri ya Jumapili hayatatosha kumsahihisha.

Tena jambo lenyewe haliko mbali nasi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na demensia, na kwamba zaidi ya asilimia 60 kati yao wanaishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Utafiti uliofanywa katika vijiji 6 vya Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, uliowahusu wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, na ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013, ulionyesha kiwango cha asilimia 6.4. Maana yake ni kwamba katika kila wazee 16 wa umri huo, mmoja hivi ana ugonjwa huu. Hai ni nchi ya Walutheri. Wazee hao wengi wao walibatizwa na kupata kipaimara katika sharika zetu, nao ndio waliobeba mawe na mchanga wa makanisa tunamohubiri leo.

Tutatumia maneno "ugonjwa wa kusahau" kwa kuwa ndiyo yanayoeleweka, ingawa kusahau ni dalili moja tu. Ugonjwa huu waweza kutokana na maradhi yaliyoelezwa na daktari Mjerumani Alois Alzheimer mwaka 1906, au na mishipa ya ubongo iliyoharibiwa na kiharusi na shinikizo la damu, au na sababu nyingine. Huondoa pia mpangilio wa maneno, utambuzi wa mahali na wakati, na mwishowe nguvu za mwili. Si uzee tu, wala si wazimu, wala si pepo.

1. Yaliyo mema katika De Hogeweyk

Haki inatudai tuanze na sifa. Mahali hapo palikuwa na nyumba ya wauguzi ya kawaida, yenye ghorofa, korido ndefu na makoti meupe. Mapema katika miaka ya 1990 baadhi ya waliofanya kazi hapo, miongoni mwao Yvonne van Amerongen, walijiuliza kama wangependa wazazi wao wenyewe waishi humo, nao wakaona kwamba wasingependa. Kutokana na swali hilo walianza kuigawa nyumba ile katika kaya ndogo ndogo, na baada ya miaka mingi ya kujaribu wakajenga upya kila kitu.

Kijiji kilipofunguliwa kilikuwa na nyumba 23 kwa ajili ya wakazi 152. Kila nyumba ilikuwa na watu 6 au 7, pamoja na jiko lao, sebule yao na wahudumu waliovaa nguo za kawaida. Chakula hupikwa ndani ya nyumba, si katika jiko kuu, hata mzee husikia harufu ya kitunguu kabla ya kuitwa mezani. Nyumba zimepangwa kuzunguka mitaa na bustani, na milango yake hufunguka kuelekea nje, hivyo mkazi hutembea apendavyo. Kuna duka, mkahawa, saluni na ukumbi wa michezo. Lango la kutokea ni moja tu, nalo lina mtu.

Hekima iliyomo ni ya kweli. Mtu asiyeweza tena kujifunza jambo jipya bado huongozwa na mambo ya zamani yaliyozama mwilini: sauti ya sufuria, mpini wa ufagio, njia inayozunguka na kumrudisha alikoanza bila kumkwamisha kwenye mlango uliofungwa. Anayejenga kwa ajili ya mtu huyo lazima aufanye mlango wa choo uonekane kutoka kitandani, atofautishe rangi ya sakafu na ya ukuta, aepuke vioo vinavyomwonyesha mzee sura asiyoitambua, na asiweke zulia jeusi mlangoni, kwa maana macho ya mgonjwa huliona kama shimo. Mambo hayo ni madogo, lakini ndiyo yanayoamua kama mzee atakwenda haja kwa heshima au atajiaibisha. Torati inakataza kuweka kikwazo mbele ya kipofu (Law. 19:14). Waliojenga De Hogeweyk wameitii amri hiyo kwa makini kuliko wengi wanaoihubiri.

Pamoja na hayo, hatuna budi kuuliza maswali matatu: la ukweli, la lango na la kumbukumbu.

2. Swali la ukweli

Lawama inayorudiwa mara nyingi ni kwamba kijiji hicho ni uongo uliopangwa vizuri. Mzee anadhani yuko mtaani, kumbe yuko hospitalini. Anadhani muuza duka ni muuza duka, kumbe ni mhudumu aliyefundishwa kumtunza.

Kuna kisa katika Maandiko kinachotusaidia kulipima jambo hili, nacho ni kisa cha Isaka katika Mwanzo 27. Isaka ni mzee na macho yake yamefifia. Mwanawe anamjia kwa njia ya chakula anachokipenda, kwa ngozi za mbuzi anazoweza kuzigusa, na kwa harufu ya nguo anazozifahamu. Sauti peke yake ndiyo inayomtia mashaka. Yakobo na mama yake walijua yale yale wanayoyajua wajenzi wa Uholanzi: kwamba akili ya mzee hufikiwa kwa ladha, mguso na harufu. Basi kosa la Yakobo halikuwa kupitia katika milango hiyo. Kosa lake lilikuwa kwamba aliipitia ili kuchukua, na mzee alipoambiwa ukweli alitetemeka mno.

Kwa kipimo hicho tunaweza kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa na walaumu. Katika duka la De Hogeweyk mkate ni mkate. Mama mzee huushika, huuweka kikapuni, na jioni huuona mezani kwake. Hakuna aliyemnyang'anya chochote. Kumrahisishia mtu mahali anapoishi hata aweze tena kufanya kazi aliyoizoea si kumdanganya, kama vile kumpa kiwete gongo si kumdanganya kwamba ana mguu.

Lakini nchini Ujerumani, mbele ya nyumba ya wazee ya Benrath katika mji wa Düsseldorf, uliwekwa mfano wa kituo cha basi ambapo basi halisimami kamwe. Wazee waliotoroka ili warudi makwao walikaa hapo wakingoja, hata mhudumu akaja kuwachukua. Njia hiyo ilisifiwa sana na magazeti mwaka 2008, kisha ikaigwa mahali pengine. Tunakiri kwamba ni bora kuliko kamba na dawa za usingizi. Hata hivyo, hatuwezi kuisifu. Kituo hicho kinalichukua neno la mzee, "nataka kwenda nyumbani", na kulifanya kuwa tatizo la usalama, wakati neno hilo huenda likawa ndilo neno la kweli kuliko yote aliyobakiwa nayo. Mtu anayetaka kwenda nyumbani usiku anasema kwamba hapo alipo hapamjui. Tena huenda anasali.

Katika mafundisho ya Katekisimu juu ya amri ya nane tunafundishwa si tu tusimsingizie jirani, bali pia tumtetee na kuyatafsiri maneno yake kwa wema. Amri hiyo haikomi pale jirani anapoanza kusema mambo yasiyopatana na kalenda. Bibi wa miaka 85 akiuliza mama yake yuko wapi, hatulazimiki kumjibu kwa ukatili kwamba alizikwa miaka 40 iliyopita, na kumpa msiba upya kila siku. Wala hatuna ruhusa ya kumwambia kwamba anakuja kesho. Iko njia ya tatu, nayo ni kumwambia, "Bibi, hebu nisimulie habari za mama yako." Jibu hilo ni la kweli, nalo humrudishia heshima ya kuwa msimulizi. Nyumba nzuri ni ile inayompa mhudumu nafasi na muda wa kujibu hivyo. Nyumba mbaya ni ile inayohitaji kituo cha basi la uongo kwa sababu wahudumu ni wachache.

3. Swali la lango

Kwa maoni yetu, udhaifu mkubwa wa De Hogeweyk si duka lake bali ni lango lake, na namna watu wanavyopangwa ndani yake.

Tuanze na mpangilio. Hapo mwanzo wakazi waligawanywa katika mitindo 7 ya maisha. Walikuwako watu wa tabaka la juu, mafundi na watu wa kazi za mikono, wapenda sanaa, watu wa mjini, watu wa nyumbani, waliokuwa na asili ya koloni la Uholanzi huko Indonesia, na Wakristo. Kila kundi lilipewa samani, chakula na muziki wake. Baadaye mitindo hiyo ilipunguzwa ikawa 4, na Wakristo hawakubaki kama kundi la peke yao. Sababu ya mpango huo inaeleweka: mgonjwa hutulia kati ya vitu na watu anaowazoea. Mzee aliyezoea sala ya mezani atakula vizuri zaidi pale sala inaposaliwa. Hata hivyo theolojia haiwezi kunyamaza inapoona imani ikiwekwa katika orodha moja na mapazia na aina ya viti. Kanisa halikuwahi kuwa mkusanyiko wa watu wenye ladha moja. Mtume anaposema na Wagalatia juu ya Myahudi na Myunani, mtumwa na mtu huru (Gal. 3:28), anasema juu ya meza moja iliyowakutanisha watu ambao desturi ziliwatenga. Ikiwa mtu aliishi maisha yake yote akila meza moja na asiyefanana naye, kwa nini katika udhaifu wake arudishwe kwa wa tabaka lake?

Kisha lango lenyewe. Watetezi wa kijiji husema kweli kwamba watu wa nje huja kula mkahawani na kutazama michezo. Lakini mwendo huo ni wa upande mmoja. Mwenye afya huingia na kutoka, mkazi huingia tu. Na ndani ya kijiji hakuna kaya inayolea watoto wala wachumba wanaoanza maisha. Ni kijiji kilichochagua umri mmoja na ugonjwa mmoja wa wanakijiji wake. Je, hicho ni kijiji?

Historia inatupa mifano miwili ya kulinganisha. Wa kwanza ni mji wa Geel nchini Ubelgiji. Tangu Enzi za Kati mahujaji waliletwa huko, kwenye kanisa la Mtakatifu Dymphna, ili waombewe wapate kupona magonjwa ya akili. Wagonjwa walipozidi nafasi iliyokuwapo kanisani, wenyeji waliwapokea majumbani mwao. Desturi hiyo haikufa. Katika karne ya 19 serikali iliisimamia, na katika miaka ya 1930 wageni wa namna hiyo walizidi 3,500 katika mji mdogo wa wakulima. Leo idadi imepungua sana, lakini familia za Geel bado zinapokea wageni. Hakuna ukuta. Mlinzi ni mji wenyewe, kwa kuwa mwokaji mikate, mwalimu na watoto wa shule wote wanamjua mgeni wa nyumba fulani, na akipotea humrudisha. Wagonjwa wa Geel hawakuwa hasa wazee wenye ugonjwa wa kusahau, lakini somo lake lasimama: usalama waweza kujengwa kwa kujuana.

Mfano wa pili ni wa kwetu Walutheri, nao ni mchungu zaidi. Bethel, karibu na Bielefeld nchini Ujerumani, ilianza mwaka 1867 kwa ajili ya wenye kifafa, na tangu mwaka 1872 iliongozwa na Friedrich von Bodelschwingh. Ilikua ikawa mji wa rehema wenye kanisa, karakana, mashamba na nyumba zenye majina ya Biblia. Kwa mkondo huo huo wa udiakonia tulipata Lutindi katika milima ya Usambara, kituo kilichoanzishwa mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, na baadaye kikawa hospitali ya wagonjwa wa akili ambako kazi ya shamba na ya mikono imekuwa sehemu ya uuguzi. Tunamshukuru Mungu kwa urithi huo. Lakini hatuna budi kukumbuka kwamba mwaka 1940, serikali ya Hitler ilipotuma fomu za kuorodhesha wagonjwa ili wauawe, waliokusanywa pamoja walikuwa wepesi kuhesabiwa. Watu zaidi ya 70,000 waliuawa katika mpango huo kati ya mwaka 1940 na 1941. Mchungaji Paul Gerhard Braune aliandika waraka wa kuupinga, akatiwa kizuizini. Kiongozi wa Bethel wakati huo, Fritz von Bodelschwingh, naye aliupinga. Hata hivyo, Bethel hiyo hiyo ilikuwa imeshiriki kufunga vizazi vya wagonjwa chini ya sheria ya mwaka 1933, na wagonjwa wake Wayahudi waliondolewa wakapelekwa kuuawa. Hatusemi kwamba De Hogeweyk inaelekea huko. Tunasema kwamba upendo unaomtenga mdhaifu, hata ukiwa wa dhati, unamweka mikononi mwa yeyote atakayeshika ufunguo kesho.

Barzilai Mgileadi, akiwa na umri wa miaka 80, alialikwa na mfalme Daudi kwenda kuishi Yerusalemu kwa gharama ya mfalme. Alikataa. Alisema kwamba hatambui tena ladha ya chakula wala sauti za waimbaji, akaomba arudi kufa mjini kwake, karibu na kaburi la baba yake na mama yake (2 Sam. 19:31-39). Mfalme alikuwa na vyote alivyoweza kumpa mzee, isipokuwa mahali pa kwake. Na uzuri wa Daudi katika kisa hiki ni kwamba alimwacha aende.

4. Swali la kumbukumbu

Nyuma ya majengo haya mapya yapo mafundisho. Mwandishi aliyeyaathiri zaidi ni Tom Kitwood wa Bradford, Uingereza, aliyekuwa amesomea ukasisi katika Kanisa la Anglikana. Katika kitabu chake cha mwaka 1997, Dementia Reconsidered, alibisha kwamba mengi tunayoyadhania kuwa ni ya ugonjwa hutokana na jinsi watu wanavyomtendea mgonjwa: kumharakisha, kumsema kana kwamba hayupo, kumdanganya, kumfanya mtoto. Kwake utu ni hadhi ambayo mtu hupewa na wenzake katika mahusiano. Msomaji wa Kiafrika atatikisa kichwa kukubali, kwa sababu sisi tunasema mtu ni watu.

Lakini hapo ndipo penye hatari. Kama utu hutolewa na watu, watu wakiacha kuutoa unakwenda wapi? Kikongwe wa Usukumani aliyesingiziwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu na maneno yasiyoeleweka, alinyimwa utu na kijiji kizima kwa kauli moja, na wengi kama yeye waliuawa. Je, hakuwa mtu tena? John Swinton wa Aberdeen, mwanatheolojia aliyewahi kuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili, aliiona kasoro hiyo. Katika kitabu chake cha mwaka 2012, Dementia: Living in the Memories of God, anajibu kwamba utu wetu hausimami juu ya kumbukumbu zetu wala juu ya kumbukumbu za wenzetu, bali juu ya Mungu anayetukumbuka. Hili ndilo tunalolikiri tunapombatiza mtoto mchanga. Yeye hajui jina lake, hajui Baba yetu, lakini ahadi imekwisha kutamkwa juu yake. Luther alifundisha kwamba hatuwezi kumjia Kristo kwa akili wala nguvu zetu wenyewe. Ikiwa akili haikutuleta, kuondoka kwa akili hakututoi.

Hivyo basi, sisi tunakubaliana na Swinton dhidi ya Kitwood, ila tunaongeza onyo. Neno "Mungu anamkumbuka" laweza kugeuzwa na wavivu kuwa kisingizio cha kutomtembelea mtu. Swinton mwenyewe halitumii hivyo, lakini sisi tunaweza. Katika Maandiko Mungu anapokumbuka, hutenda. Alimkumbuka Nuhu, maji yakapungua (Mwa. 8:1). Alimkumbuka Hana, akampa mtoto (1 Sam. 1:19-20). Kumbukumbu ya Mungu juu ya mzee wetu inatafuta mikono, mguu wa kwenda, sahani ya uji na taa ya usiku. Wajenzi wa De Hogeweyk wanajua habari za taa bila kusema habari za ahadi. Wanatheolojia wanasema habari za ahadi bila kujua choo kiko wapi. Tunawahitaji wote wawili katika chumba kimoja.

5. Kihamba, nyumba ya kisasa na usharika

Ujenzi wa De Hogeweyk uligharimu takriban euro milioni 19, yaani zaidi ya euro 120,000 kwa kila mkazi, katika nchi ambayo bima ya taifa hulipia utunzaji wa muda mrefu. Kukinakili hakuwezekani kwetu, wala hakufai. Lakini kanuni zake si ngeni. Kihamba cha zamani huko Kilimanjaro kilikuwa nazo karibu zote: watu wachache wanaojuana, moto wa kupikia anaoweza kuuona mzee, ndizi za kumenya na majani ya kulishia mbuzi, njia inayozunguka migombani, uzio wa masale unaoonyesha mpaka bila kumfungia mtu, na makaburi ya wazazi karibu. Barzilai angekiridhia.

Hata hivyo, tusijidanganye kwa kukisifu kihamba ambacho wenyewe hawapo. Vijana wako Dar es Salaam na Arusha, hurudi Desemba. Anayebaki na mzee ni binti mmoja ambaye hakuolewa, au mkamwana, au msichana wa kazi, na yeye halali usiku. Watoto wenye uwezo, kwa upendo, humjengea mama nyumba ya kisasa: vigae vinavyong'aa kama maji, choo cha ndani ambacho hakioni, jiko la gesi asilolijua, geti la chuma. Mama ambaye jana alikwenda chooni peke yake katika nyumba ya zamani leo hukojoa koridoni, na wanawe husema ugonjwa umezidi. Tena anapotangatanga hufungiwa ndani. Sisi wachungaji huitwa kuja kuibariki nyumba hiyo. Kabla ya kuibariki ingefaa tuulize ni nani atakayeishi humo, na kama kweli jiko la zamani lazima libomolewe.

Kwa upande wa Kanisa tunapendekeza mambo manne. La kwanza, kumbi za sharika zetu hukaa tupu kati ya Jumatatu na Ijumaa. Usharika waweza kuanza kwa siku moja tu kwa wiki: moto, uji, nyimbo za kitabuni, kazi nyepesi za mikono, na watu wawili au watatu waliofundishwa. Yule binti asiyelala apate kulala siku moja. La pili, vijana wa kipaimara wapangiwe kuwatembelea wazee hao na kuwasomea, si kama adhabu bali kama sehemu ya mafundisho yao, ili mtaa mzima uwajue wazee wake kama Geel inavyowajua wageni wake. La tatu, Meza ya Bwana ipelekwe nyumbani bila kudai kwamba mzee aweze kwanza kueleza anachopokea. Mara nyingi ulimi uliosahau majina ya watoto hulikumbuka Baba Yetu hadi mwisho, na hata pale usipolikumbuka, zawadi haitokani na ulimi huo. La nne, tuache kuwapeleka wagonjwa hao kwenye maombi ya kutoa pepo. Mwenye kuliombea jina la Yesu juu ya mgonjwa anatenda vema. Mwenye kumtangaza mgonjwa kuwa na pepo mbele ya jirani zake amewapa jiwe la kumpiga.

Lipo na jambo ambalo ni vigumu kulisema katika kurasa hizi, lakini lazima lisemwe. Zipo sharika ambazo daftari la ahadi na bahasha ndilo linaloamua ni nani aliye mkristo hai na ni nani atakayezikwa na mchungaji. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau huacha kurudisha bahasha. Hakuasi, amesahau. Kanisa linalohubiri kwamba Mungu hasahau, kisha likamfuta kwa sababu yeye amesahau, limejenga lango kali kuliko lile la Weesp.

Hitimisho

Hukumu yetu juu ya De Hogeweyk ni hii. Ni kazi njema ya watu walioona aibu juu ya korido ndefu na makoti meupe, nao walikuwa na haki ya kuona aibu. Jiko lake, njia zake na idadi ndogo ya watu katika nyumba ni mambo ya kujifunza, na hayahitaji euro milioni 19. Lango lake na mgawanyo wake wa watu kwa tabia zao ni mambo ya kukataa, kwa sababu yanautuliza mji ulio nje na kuuruhusu usibadilike. Neno la Mungu haliulizi kwanza mzee akae wapi. Linatuuliza sisi tulio wazima kama tutasimama mbele ya mwenye mvi (Law. 19:32), hata asipotutambua tuliosimama.

Mwenye Zaburi ya 71 aliomba asitupwe wakati wa uzee, nguvu zake zitakapopungua. Ombi hilo lilielekezwa kwa Mungu, lakini huimbwa kanisani, masikioni mwetu. Daftari la usharika liko ofisini. Tulifungue, tutafute majina ya wale ambao hatujawaona kwa miezi sita, kisha tutoke tuwatafute.